Kutoka Kilwa hadi Lamu nikifuata hadithi

Jumatatu, Kilwa Masoko

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Tulipofika Nangurukuru jua lilikuwa limeshakuwa kali, nikadandia gari dogo la kuja huku Masoko. Kibali cha kuvuka kwenda Kisiwani nimeshalipia. Nia yangu ni kuisikiliza hadithi ya nguo mahali pake, kisha nipande kaskazini hadi Lamu nikifuata hadithi ambazo sisi watu wa pwani tulizipokea, tukazigeuza, na nyingine tukawapa wenzetu.

Jioni nilikula wali na pweza kwa mama ntilie karibu na bandari. Nikamuuliza kama anaijua habari ya kisiwa kununuliwa.

"Mwarabu alikinunua kwa nguo."

"Mwarabu au Mshirazi, mama?"

"Wote walikuja na jahazi, mwanangu. Ongeza ndimu."

Jumanne, Kilwa Kisiwani

Tumevuka na mashua ya tanga, upepo mzuri. Mzee anayetembeza wageni alinipokea ufukweni, tukapita Gereza na kuingia Msikiti Mkuu, kwenye kile kivuli cha kuba na matao ambacho watu hukipiga picha mpaka wanasahau kukaa. Sisi tulikaa. Akaanza.

Mwenye kisiwa aliitwa Mrimba. Akaja mtu wa Shirazi, mji wa Uajemi, na merikebu, akataka kukaa. Mrimba akasema: zungusha nguo kisiwa kizima, nami nitahamia bara. Mgeni akatandaza nguo pwani yote, Mrimba akaziokota huku akitembea, mpaka akavuka zake. Kisha bahari ikajaa kati yao, asiweze kurudi.

Hiyo ndiyo mifupa. Nyama yake inategemea nani anasimulia. Mreno João de Barros, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552, anasema mgeni huyo, Ali, alikuwa mwana wa Sultani wa Shirazi kwa mama mtumwa wa Kihabeshi. Nduguze wakamdharau, ndiyo maana akaondoka. Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiarabu, haina dharau hiyo: sultani wa huko aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji, akajua mji utaanguka, akapakia watu wake kwenye majahazi saba. Na ile simulizi ya Kiswahili aliyoichapisha Mjerumani Carl Velten huko Berlin mwaka 1907 inaleta jambo ambalo hao wengine hawalitilii uzito: mgeni alimuoa binti Mrimba kwanza. Kisiwa kikapita mikononi mwa mkwe.

Sasa, wasomaji wa Kilatini wanaijua hadithi nyingine ya kununua ardhi kwa kipimo. Malkia Dido alikimbia Tiro, akafika mahali ambapo leo ni Tunisia, akaomba ardhi inayoweza kuzungukwa na ngozi ya ng'ombe mmoja. Wenyeji wakacheka wakakubali. Dido akaichana ngozi ugwe mwembamba, akazunguka kilima kizima, Karthago ikasimama hapo. Wapo wanaoziweka hadithi hizi mbili pamoja na kusema ni moja. Mimi naona zimepishana palepale penye uzito. Dido anamlaghai muuzaji. Kilwa muuzaji analipwa kila pima ya nguo, tena mchana kweupe. Mji ulioishi kwa biashara, uliopokea nguo za Kihindi na kupeleka dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu, usingependa kusimulia kwamba ulianza kwa wizi. Masultani walihitaji hati ya kununulia, na hadithi ikawa ndiyo hati.

Ila ujanja haukutoweka. Ulisogea mbele kidogo, ukaingia baharini. Maana kila msikilizaji atauliza: kwa nini Mrimba hakurudi na watu wake kukichukua kisiwa, na zamani maji yakitoka ulikuwa unavuka kwa miguu? Maandishi ya Kiarabu yanajibu kwamba walichimba mkondo. Simulizi ya Velten inajibu kwamba ilisomwa Kurani na maji yakakataa kutoka. Nikamuuliza mzee yeye anashika lipi.

"Kwa wageni nasema mkondo ulichimbwa. Nyumbani nasema dua."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nina mashua."

Kuhusu Washirazi wenyewe, mabishano ni ya siku nyingi. Kuna waliosema miji hii yote ni kazi ya wageni, na kuna waliojibu kwamba Ushirazi ni nasaba ya kujipamba, kwa kuwa lugha, vyungu na misingi ya kwanza ya miji ni vya wenyeji. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa DNA kutoka mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani. Wengi wao upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na upande wa akina baba ulionyesha damu ya Uajemi iliyoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Nilipomweleza mzee, hakushangaa hata kidogo. "Si nimekwambia alimuoa binti Mrimba?"

Jumatano, njiani

Kilwa, Dar, boti ya mwisho ya Unguja. Bahari mbaya, watu wametapika. Sina la kuandika.

Alhamisi, Mkunazini

Nyuma ya altare ya Kanisa la Anglikana, pale palipokuwa soko la watumwa, amezikwa Askofu Edward Steere. Alifika Unguja mwaka 1864, akafa 1882. Waumini wanamkumbuka kwa kanisa. Mimi nilikwenda kumshukuru kwa kitabu cha hadithi alichokitoa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, jinsi alivyozisikia kwa watu wa mji huu. Nakala yangu ni ya kurudufu, kurasa zimeanza kuchomoka. Nimekaa nayo kwenye baraza ya nje mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina shida.

Nimeisoma tena ile ya Punda wa Dobi. Kima yuko juu ya mkuyu uliotanda hadi baharini, anamrushia papa matunda. Papa akamwalika kwao kwa kulipa fadhila. Walipofika kilindini akamwambia kweli: Sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, lo, ungenambia mapema, sisi mioyo yetu huiacha mitini. Papa akamrudisha. Kima akapanda juu asishuke tena, akamwambia papa: mimi si punda wa dobi, kisha akamsimulia habari za punda huyo.

Hadithi hii ilianza safari India, na huko ni ya zamani mno. Imo katika Jataka, hadithi za Kibuddha, imo katika Panchatantra, kitabu cha Kihindi cha hadithi za wanyama. Kule mnyama wa majini ni mamba, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Katika karne ya 6 kitabu hicho kikageuzwa Kipahlavi, lugha ya kale ya Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakigeuza Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Kwa Waarabu mamba akawa kobe. Kufika Unguja kobe naye akatoka, akaingia papa.

Mtu anaweza kusema ni kubadilisha wanyama tu, kama fundi anavyobadilisha kitasa. Lakini tazama lile swali la kwa nini. Kima mwenye akili anakubali vipi kupanda mgongoni mwa kiumbe wa baharini? Msikilizaji wa Unguja hana mamba pwani kwake, na kasa hamtishi mtu. Papa anamjua, kila mvuvi ana habari zake, kwa hiyo hofu ikae kwa papa. Na tamaa ya mke mgonjwa imeondoka, mahali pake amekaa Sultani mgonjwa. Mji wa 1870 ulikuwa na Sultani kwelikweli, mbele ya macho ya watu, na wote walijua kwamba akitaka kitu hakuna aulizaye.

Punda ndiye aliyenifurahisha zaidi. Katika Kalila na Dimna mbweha anamshawishi punda dume kwa habari za punda majike malishoni. Unguja mbweha amefukuzwa kazi, kazi kapewa sungura, kwa sababu hapa kwetu ujanja una mwenyewe. Punda amekuwa jike, na sungura amekwenda kwake kumposea simba! Simba anamrukia, anamjeruhi, punda anakimbia, sungura anakuja tena kumbembeleza, punda anarudi. Mwisho sungura anakula moyo na masikio, na simba akiuliza viko wapi anajibiwa: angekuwa na moyo na masikio angerudi huku? Nimesoma jambo hili mara nyingi nikacheka. Leo, kwa vile ni posa, sikucheka sana.

Ijumaa, shamba, kaskazini ya Unguja

Baada ya swala rafiki yangu alinichukua kwa bibi yake. Umeme ulikatika magharibi, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu, maana wajukuu walizima simu kuhifadhi chaji. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, taa ya chemli karibu ya goti.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuomba hadithi."

"Marahaba. Mchana huombi, wataka usiku?" Kisha akawageukia watoto. "Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa..." na watoto wakamalizia naye mpaka kwenye vilango vya kupitia.

Akatoa ile ya Paa. Katika kitabu cha Steere inaitwa Sultani Darai, bibi hakuipa jina. Maskini anachakura jaani kama kuku, siku moja akaokota thumuni, badala ya kununua chakula akanunua paa. Majirani wakamwona mwehu. Paa alikuwa anasema. Akaokota almasi porini, akaipeleka kwa sultani wa mbali kuwa ni zawadi ya bwana wake, akamtengenezea maskini jina, nguo na mke, kisha akaua nyoka wa vichwa saba akampatia jumba la nyoka.

Mtu aliyesoma hadithi za Ulaya ameshamtambua: huyu ni ndugu wa yule Paka Mwenye Viatu, aliyemtajirisha bwana wake maskini kwa ujanja. Paka huyo ameandikwa na Straparola wa Venisi katikati ya karne ya 16, akaandikwa na Basile wa Napoli katika kitabu kilichotoka kuanzia 1634, akaandikwa na Perrault wa Ufaransa mwaka 1697. Kwa Perrault mambo yanakwisha kwa raha: paka anakuwa bwana mkubwa, panya anawakimbiza kwa kujiburudisha tu. Perrault alikuwa mtu wa karibu na ikulu ya Louis wa 14, na sijui angemalizaje vingine. Mwisho wake huwa unanichosha.

Bibi hakumaliza hivyo. Paa aliugua. Mke akamwomba mume ashuke amtazame, mume akasema mpikieni uji wa mtama mbovu, yeye si kanunuliwa kwa thumuni? Hapo bibi aliacha kuchambua mchele. Mjukuu mdogo akadakia: "Si angempeleka hospitali?" Bibi akajibu papo hapo, wala hakutafuta neno: "Gari lilikuwepo uani. Hakutaka kutoa mafuta." Watoto wakaguna wote. Nilitamani kusema kwamba hilo gari halimo kitabuni, bahati nzuri nilinyamaza. Mtoto ameuliza kwa nini, na jibu la zamani halimtoshi tena, basi bibi kampa jibu ambalo mtoto analijua, na ubaya wa yule bwana umebaki na kipimo kilekile.

Paa akafa. Usiku ule mke akaota yuko kwao, akaamka yuko kwao. Mume akaota anachakura jaani, akaamka yuko jaani.

Basile wa Napoli naye ana bwana asiye na shukrani. Paka wake anajifanya kafa kumjaribu, bwana anasema mshikeni mguu mtupeni dirishani, paka anainuka, anamsuta, anaondoka zake. Kwa hiyo hadithi ya Unguja inakaa karibu na ya Napoli kuliko Napoli inavyokaa na Paris. Na mwaka 1901 Andrew Lang akaichukua ya Unguja kutoka kwa Steere, akaitia kwenye mojawapo ya vitabu vyake vya rangi vya watoto wa Uingereza, pamoja na ile ya Nunda mla watu. Watoto waliokulia na paka mwenye raha wakasomewa paa aliyekufa kwa uji mbovu. Jambo hilo linaniridhisha kuliko inavyostahili.

Jumapili, Mombasa

Dar, Tanga, Horohoro, mihuri, foleni, Lunga Lunga, Likoni. Kwenye basi kijana wa Tanga alitusimulia Abunuwasi. Ile ya zamani: aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria ndani, akasema imezaa. Akaazima tena, asirudishe, akasema imekufa. Ya kijana huyu Abunuwasi aliazima pawabenki, akairudisha na waya mdogo wa chaji. "Imezaa hii." Basi zima likacheka, hata dereva.

Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Khalifa Harun al-Rashid, akafa yapata mwaka 814, mashuhuri kwa mashairi ya ulevi. Ya sufuria Waturuki humpa Nasreddin Hoja. Pwani yetu mashairi ya mvinyo hayakuvuka bahari, ilivuka sifa ya ujanja pekee. Nadhani yeye angeshangaa kuliko mtu yeyote kwamba anafundishwa watoto.

Jumatatu, Kipini

Mombasa, Malindi, Garsen, vizuizi vya askari, vitambulisho nje mara kwa mara. Nikashuka njia panda nikachukua bodaboda mpaka hapa mto Tana unapoingia baharini. Maji ni ya udongo hadi mbali. Wenyeji huonyesha kaburi la Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, na kila uliyemuuliza anajua kwamba alikuwa na urefu usio wa kawaida.

Dereva wa boda alikuwa kijana wa sekondari aliyefunga shule. Nikamwambia anisimulie. Akaanza kwa mbio: Liyongo hafi kwa mkuki wala kwa mshale. Mfalme wa Pate akamhonga kijana wa Liyongo, kijana akaenda kumuuliza baba kitakachomuua, baba akajua, lakini akasema: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akachukua uta, akapiga goti karibu na kisima, akafa vile vile kautega mshale. Watu wakaogopa kuteka maji siku nyingi wakidhani yu hai.

"Kwa nini shaba?" nikamuuliza.

"Ilikuwa na sumu."

"Umesoma hivyo shuleni?"

"Hapana. Lakini sindano tupu haiui mtu mkubwa hivyo, ama namna gani?"

Zamani shaba haikuhitaji kuelezwa. Kilikuwa kitu chenye miiko yake, kama vile mashujaa wa watu wengine walivyo na kisigino au tawi fulani la mti. Kwa kijana huyu aliyesoma baiolojia pana tundu, naye kaliziba kwa sumu. Nikimrudia baada ya miaka kumi, sumu itakuwa imo kwenye hadithi tangu enzi.

Jumanne, Lamu

Mokowe, mashua, Lamu. Punda wamejaa kwenye gati, mmoja amebeba saruji.

Nilikuja na maandishi mawili ya Liyongo. La kwanza ni la Steere, nathari ya Unguja ya 1870. Linasema zamani mji wa Shanga palikuwa na mtu, jina lake Liongo, mwenye nguvu nyingi, naye aliwaudhi watu mno mpaka wakafanya shauri la kumfunga. Mtu akisoma bila kujua lolote atadhani anasoma habari za jambazi. La pili ni utenzi aliouandika Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913, mtu aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao. Humo Liyongo ni shujaa anayeonewa kijicho na mfalme wa Pate, na akifa analiliwa.

Matukio ni yaleyale. Kote wanamwitia kikoa cha makoma, matunda ya mti wa jamii ya mnazi: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenzake, ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Naye anasimama chini, anayatungua makoma kwa mishale, wanakula, shauri limeharibika. Kote anafungwa, na mama anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, mkate ambao askari hawaugusi kwa ubaya wake. Tofauti ni mahali alipokaa msimulizi. Unguja ilikuwa ikulu ya Sultani, na mtu mwenye nguvu asiyetii mji ni balaa. Lamu ilipigana na Pate vizazi kwa vizazi, na adui wa mfalme wa Pate ni mtu wetu. Shanga yenyewe, katika kisiwa cha Pate, ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Haina tena mtu wa kulalamika.

Alasiri nilikaa barazani na wazee wawili karibu na msikiti, kahawa chungu na halua. Nikauliza aliyemuua Liyongo alikuwa nani, maana nimesikia mwana na nimesikia mpwa.

"Mpwa," akasema wa kwanza. "Mwana hamuui babake kwa ahadi ya mke na ufalme."

"Ni mwana," akasema wa pili. "Siri ya kitovu utamwambia mpwa?"

"Zamani mpwa ndiye aliyerithi. Ndiye mwenye haja."

"Kama arithi mwenyewe, kuna haja gani ahongwe?"

Wa kwanza akanyamaza, akamwita mtoto aliyekuwa anapita na ndoo. "Nenda kwa babu yako mwambie aje, kuna mgeni hapa anadanganywa."

Babu akaja taratibu na bakora, akapewa kahawa, akaelezwa shauri lote tangu mwanzo. Akasema wote wawili ni wapumbavu, kijana yule alikuwa mwana wa kunyonya tu, mama yake Liyongo ndiye aliyemnyonyesha, na ndiyo maana alijua. Hilo silijaona katika maandishi yoyote. Wale wawili walimgeukia kwa pamoja, na adhana ya magharibi iliwakuta bado wanabishana.